Baba, Bosi wa Arusha Amepiga Simu

Baba,

Shikamoo. Najua huko uliko marahaba yako haitanifikia, lakini nikianza bila salamu utasema Arusha imeniharibu.

Huku kumefunguka. Barakoa watu wanazitundika kwenye vioo vya bodaboda kama mapambo, na zile ndoo za kunawia mikono pale sokoni zimebaki na bomba bila maji. Watu wanashikana mikono tena. Siku tunakuzika tulisimama mbalimbali kama nguzo za umeme, na mimi unanijua, mtu wa kukumbatia hadi trafiki. Sikumkumbatia mtu. Mpaka leo sijui kama kifua kilichokuchukua kilikuwa cha ugonjwa ule au ni kile chako cha miaka yote. Hatukupima. Nimeacha kuuliza.

Sasa habari yenyewe. Wiki iliyopita bosi alipiga simu. "Paskali, wageni wamerudi! Gari lako nimelitia matairi mapya, njoo Jumatatu." Baba, moyo uliruka. Mwanao si dereva wa watalii wa kubahatisha. Darasa la saba langu hili hili, nimewaonyesha simba Wajerumani, Wajapani na balozi mmoja aliyelia alipomwona tembo. Kiingereza changu hakuna aliyekilalamikia, maana nilikisema haraka. Ningepata shule kidogo ningekuwa waziri wa kitu fulani.

Nikafungasha begi. Nilipokuwa nakunja shati la kazi, ndipo nikakumbuka yale makande.

Miaka kumi na miwili nilikuwa nakuja hapa nyumbani Bonga siku mbili tatu, naondoka. Kila nikija Mama anachinja kuku. Nikaamini kwetu kuku huliwa kila siku, nikawaringia hadi madereva wenzangu. Ndege zilipozuiwa nikarudi nyumbani. Siku ya kwanza, kuku. Ya pili, kuku. Wiki ya pili Mama akaniwekea makande, tena ya jana. Nikauliza, "Mama, kuku leo wamesafiri?" Ulicheka hadi ukashika mbavu. "Kuku tunamchinjia mgeni," ukasema. "Wewe tumeshakuzoea."

Nilinuna, Baba. Mtu mzima mwenye ndevu. Kumbe nilikuwa nimepandishwa cheo.

Tukapata msimu mmoja. Wakati wa kuvuna mahindi nilifyeka mistari mitatu ya mbaazi pamoja na mabua, kwa haraka zangu za kutaka nionekane mchapakazi, na mbaazi zenyewe hata maua zilikuwa hazijatoa. "Twiga unamjua, mbaazi huijui?" Ukaisimulia Bonga nzima, mpaka katekista. Lakini hukuniomba nibaki, hata mara moja. Ungeniomba ningeondoka kesho yake, na ulilijua hilo.

Basi nikampigia bosi, nikamwambia sirudi. "Una wazimu wewe? Watu wanaililia nafasi hii!" Nikamwambia ampe mmoja wa hao wanaolia. Mama alikuwa mlangoni, alisikia yote. Alifungua begi akazitoa nguo moja moja, akazikunja upya kwa sababu nilivyozikunja mimi hakupenda.

Sasa naendesha kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, ya jamaa mmoja wa Bagara. Asubuhi napakia nyanya na mahindi kupeleka mjini, jioni niko nyumbani. Kipato ni kidogo, sikudanganyi. Nyanya hazitoi bahasha ya bakshishi kama wageni, ila pia hazilalamikii mashimo ya barabarani. Shamba nitalilima mwenyewe. Na mke nimeanza kutafuta. Wanawake wa Babati wajiandae.

Mbuga nitaikumbuka. Ule ukungu wa asubuhi, injini umezima, wageni wamenyamaza wote kama wako kanisani... nitakumbuka.

Linaloniuma ni moja. Nilijua kukaa na wewe ulipokuwa umebakiza msimu mmoja tu. Miaka mingine yote niliwapa watu ambao hata jina langu hawakuweza kulitamka. Ningejua, Baba. Ningejua tu.

Pumzika, mzee wangu. Nakuahidi jambo, na hapa sitanii: kila jioni Mama akifunga mlango wa nyumba hii, mimi nitakuwa ndani.

Mwanao,
Paskali