Hallbera Asijue Kama Sölvi Bado Ananyonya

Mpendwa Shangazi Unnur, niokoe kabla ya Alhamisi, kwani tangu juzi situlii, nafuma sweta nafumua, nina uvimbe shingoni na daktari anataka siku hiyo nipigwe picha ya tezi, ile ya kudungwa kwanza dawa yenye mionzi ndipo ulale chini ya kamera, na nesi akanipigia simu kuniuliza, una mimba, nikasema sina, unanyonyesha, nikasema sinyonyeshi, na hapo ndipo nilipojitia kitanzi, maana mwanangu Sölvi anakaribia miaka mitatu na bado ananyonya, skyr, maziwa yetu mazito ya mgando, atamaliza bakuli zima lakini bila titi halali mchana, na nesi mwenyewe ni Hallbera wa kikundi chetu cha kufuma, ambako nilijigamba kwamba nilimwachisha akiwa na mwaka mmoja, wakanipigia makofi! Mume wangu Eyvindur hunitania, "Huyu atapata kipaimara na titi mdomoni," nami nacheka kwa wasiwasi, kwani nikisema kweli kikundi kizima kitajua, nikinyamaza naogopa maziwa yatamdhuru mtoto, nimewaza nidungwe kisha nimnyime siku moja kwa kukisia, au nisiende kabisa, nifanye nini?

Mwenye Fundo Shingoni

Mwenye Fundo, pole mwanangu, lakini makofi ya wafumaji wenzako ndiyo yamekutoa akili? Dawa hiyo huingia kwenye maziwa, na tezi ya mtoto huifyonza kama yako. Nyingine huisha upesi, unasubiri muda watakaokuambia tu. Nyingine, za iodini, huenda zikamaanisha Sölvi asinyonye tena. Utapewa ipi? Hujui. Wao wanajua, na wanapanga kwa kufuata uongo wako!

Kipimo usikikimbie, uvimbe haungoji aibu yako iishe. Piga simu leo, useme, "Nilikudanganya, nanyonyesha." Watachagua dawa, au wataahirisha, au watatafuta kipimo kisicho na mionzi. Uliza usimnyonyeshe kwa muda gani, na kama upunguze kumpakata, mionzi isimfikie. Kamua maziwa mapema uyaweke. Utakayokamua ndani ya muda huo, fuata watakavyokuambia. Na huyo Eyvindur mwenye mizaha, siku hiyo yeye ndiye amlaze mtoto, tuone atacheka nini.

Hallbera siri za wagonjwa hatoi, ndiyo kazi yake. Halafu wahenga walisema mficha uchi hazai. Bila shaka mnaoga uchi pamoja bwawani kabla ya kuogelea, kama sote hapa kwetu, mnaazimana sabuni, leo ndiyo unamficha titi? Shika simu.