Félix amepata mutu wa kumubeba

Bigo, siku ya posho, usiku

Bado ninacheka peke yangu, na bibi yangu ananiangalia tu.

Leo tulimupatia mujukuu jina. Nilichagua Félix. Miaka yote hii ninafundisha Kilatini, na wanafunzi wananiambia ni luga ya wafu. Nilitaka jina moja ya ile luga ilie ndani ya nyumba yangu.

Mama ya mukwe wangu, mwenye alitoka Mahagi na kitenge chake cha misa, akauliza: "Félix ni nani? Kwetu mutoto anapewa jina ya mutu. Ndoyi wake, ule wanaitwa jina moja, iko wapi?"

Nikaanza kueleza kama niko mu darasa. Maana yake ni mwenye heri. Jenerali mumoja wa Roma alijiita vile juu alishinda vita. Makaisari wakaiandika ku feza zao. Kisha mashahidi, kisha mapapa. Na waandishi wa hadisi wakapenda kuipatia mutu wa mikosi, ili watu wacheke.

Akasikiliza mupaka mwisho. "Ni muzuri, Prof. Kati ya hao wote, nani atamubeba mutoto na kumuletea sabuni?"

Niliogopa jina yenye nilichagua imeanguka.

Akaniwekea mutoto mu mikono. "Basi ndoyi ni weye."

Wakati wa kuaga, hakusema Prof. Aliniangalia miye, akasema: "Félix, lala muzuri."

Makaisari, mapapa, na sasa muzee mumoja wa Bigo. Kesho asubui ninaenda kununua sabuni.