Nimepima Meza ya Kanisa kwa Shavu

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako na tafadhali jina langu usilitoe, mimi ni seremala hapa Kanja karibu miaka thelathini, na watu wa huku hawachukui kiti wala kitanda kwangu mpaka nifumbe macho, nipitishe kiganja juu ya mbao niliyoipiga msasa na niseme imekubali, hapo ndipo wanabeba, na sasa ni miaka miwili vidole vyangu vimekufa ganzi, havijui laini wala mkwaruzo, juzi nilijikata na msumeno nikajua tu nilipoona damu, na sijamwambia mtu, hata mke wangu Mukami, ingawa siku hizi ananipenda sana, ananifunga vifungo vya shati asubuhi na kuipoza chai yangu kabla ya kunipa.

Ninachofanya ni kufunga mlango wa karakana na kupima kwa shavu, nalaza uso juu ya mbao, nauvuta polepole, na penye ukali nasikia mara moja, kisha mteja akija nafumba macho na kupitisha kile kiganja kama zamani tu. Sasa kanisa letu liliniagiza meza ya ushirika, nikaitengeneza kwa mbao safi za mti wa muuru, na jana nilisahau mlango wa nyuma, Teresia, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, akaingia akanikuta nimelaza uso juu ya meza, macho nimefumba, akageuka akaenda bila salamu. Leo nasikia wanasema ninaifanyia meza ya Bwana mambo ya giza, na Jumapili ya mwisho wa mwezi nitaulizwa mbele ya watu wote, nami naona heri waniite mchawi kuliko wajue mkono wangu umekufa, maana nani atampa kazi seremala asiyehisi mbao? Nifanye nini?

Fundi, Kanja

JIBU

Fundi, ulipoandika kwamba unafunga mlango nilishika kichwa, nikajua sasa unakuja mpango wa kando. Kumbe ni meza. Nimeshusha pumzi, na wewe shusha yako.

Hebu niambie, miaka hii miwili kuna kiti kimerudishwa? Hujataja hata kimoja, na vile unavyojilaumu ungetaja. Basi kipimo chako ni kizuri, ngozi ya uso inahisi hata unywele. Kosa lako ni kile kiganja cha maonyesho. Huo ni uongo, uuache leo. Na eti heri uitwe mchawi! Mzee mzima? Jina hilo likishika watoto wako watalibeba, na ganzi ni ugonjwa tu.

Kuhusu Mukami usijidanganye. Hivyo vifungo havifungi kwa mapenzi peke yake. Anajua kitambo, anangoja umwambie mwenyewe. Mwambie leo mkila.

Usingoje hiyo Jumapili. Mwite Teresia karakana mchana, milango yote wazi, Mukami akiwepo. Mwambie vidole havisikii. Mpe soksi ya nailoni aivae mkononi, aipitishe juu ya meza yote. Pakiwa na mkwaruzo itanasa. Kisha alaze shavu lake mwenyewe hapo. Akiinuka, yeye ndiye atakayewajibu wenzake.

Msumeno usiuguse kabla ya kuonana na daktari. Jumatatu asubuhi nenda hospitali upimwe sukari na mishipa, na usiniambie una kazi nyingi. Nenda na Mukami. Akikushika mkono njiani, mwache ashike, hata kama husikii.