Babu wa Ardhi Amehamia Jikoni

Tsui-boe,
Mwishoni mwa mwezi wa sita, kwa kalenda ya Mama ya mwezi mwandamo

Kwako Dada Siu-khim,

Salamu hizi zikukute mzima, wewe na watawa wenzako wote hapo mlimani. Najua napaswa kukuita kwa jina lako la utawa na kuinamisha kichwa, lakini mtu aliyekuwa akinifunga kamba za viatu huku ananifinya ninyamaze hawezi kuwa Mtukufu kwangu, hata anyoe kichwa mara mia. Utanisamehe. Goti lako linaendeleaje? Mama haishi kuuliza kama hapo mnapokaa kutafakari pana mkeka wa maana, au mmepangwa juu ya saruji kama mitungi. Huku hatujambo. Watoto wangu wanakula kama nzige, mume wangu bado yuko na lori lake, na Mama ana nguvu za kugombana kutwa nzima, kwa hiyo yu salama.

Barua hii nimeipitisha kwa mtawa mtunza ghala, nikamwomba akupe siku mafungo yenu yatakapokwisha, si kabla. Kwa hiyo ukiisoma, ujue kwamba yote nitakayokueleza yameshashughulikiwa. Usishtuke wala usikimbilie basi. Kaa chini, unywe chai, usome polepole.

Habari yenyewe ni ya shamba la nyuma ya nyumba. Mwezi wa nne walikuja watu wa ofisi ya mazingira, wakachota udongo kwenye vifuko, wakakata na masuke machache ya mpunga, wakaondoka. Waliporudi walikuwa na vigingi vyenye vitambaa vyekundu. Wakavipigilia pembe zote nne, wakatuambia udongo wetu una kadmiamu, na mpunga nao umeinyonya. Ni madini ya sumu, dada, hayana harufu wala ladha. Hukaa kwenye figo za mtu miaka na miaka na kula mifupa taratibu. Mpunga wenyewe mwaka huu ulikuwa umependeza kuliko miaka yote. Wakaufyeka wote ukiwa umebakiza siku chache tu kuvunwa, wakaupakia kwenye gari kwenda kuchomwa, na Mama akasimama ukingoni mpaka gari lilipopotea.

Unaukumbuka mfereji wetu. Maji ya kumwagilia na maji machafu ya zile karakana za huko juu, zinazochovya koki za bomba ili zing'ae, yote yanapita humo humo. Unakumbuka pia ujanja wa marehemu Baba: yakija ya kijani anafunga lango la maji, anakaa akivuta sigara mpaka rangi ipite, yakiwa meupe ndipo anafungua. Kijiji kizima kilimsifu kwa ujanja huo, na majirani wakawa wanasubiri waone amefungua ndipo nao wafungue. Kumbe rangi ilikuwa inapita na sumu inabaki. Ilituama kwenye tope, na sisi tukawa tunalisambaza shambani kwa mikono yetu, msimu baada ya msimu. Nilipoelezwa nililia, si kwa ajili ya shamba bali kwa ajili ya Baba, maana hakuna mtu aliyekuwa makini na maji kuliko yeye.

Aliyekuwa akitujia mara kwa mara ni Binti Iap wa hiyo ofisi, msichana mwembamba mwenye kofia kubwa kuliko mabega yake. Alitueleza kwa upole kwamba tope la mfereji litazolewa lote, udongo wa juu wenye sumu kali utabebwa, na uliobaki utachanganywa na udongo safi wa chini, kisha watapima tena. Tukikubali mapema, kazi itakwisha kabla mwezi wa saba haujafunguka, maana mwezi wa mizimu hakuna dereva wa kijiji hiki atakayethubutu kuchimba ardhi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akamwambia: “We mtoto wa ofisi, mimi wali huu nimeula tangu sijaota meno, na meno bado ninayo. Haya, yahesabu!” Akaachama kinywa. Binti Iap, masikini, akachungulia kweli.

Siku hiyo Mama alipakua wali, akamkaribisha. Binti akashukuru sana, akasema ameshiba. Mama akamsukumia bakuli mara ya pili. Binti akaona haya mpaka masikio yakamwiva, akasema tena ameshiba, na tumbo lake linanguruma tunalisikia sote. Mama akaliondoa bakuli. Tangu siku hiyo Mama alibadilika, ila mimi sikuelewa kwa nini.

Sasa katapila lilikuwa halina njia nyingine ila kupita pale penye kijumba cha Babu wa Ardhi, mungu mlinzi wa shamba letu, pale konani anapokaa na sanamu yake. Na wewe wajua, Babu hahamishwi kama kuku. Sharti aulizwe kwa kurusha vile vipande viwili vya mti, bapa upande mmoja na mviringo upande wa pili, na kwa jambo kubwa kama hilo sharti akubali mara tatu mfululizo. Mama akasema atauliza yeye, shamba ni la mumewe. Akawasha ubani, akapiga magoti, akanong'ona swali lake kimoyomoyo kama ilivyo ada, akavirusha. Vyote viwili vikaanguka kifudifudi, mviringo juu. Amekataa! Akarusha tena, vikalala chali vyote: Babu anacheka. Mara ya tatu, amekataa. Mama akainuka, akajikung'uta magoti, akatutangazia: “Mmejionea wenyewe. Amekataa.” Dereva akazima mtambo, akaenda kulala kivulini.

Wiki iliyofuata ikawa vilevile. Na iliyofuata pia. Binti Iap aliandika kwenye ripoti yake, mimi nimeiona kwa macho yangu, kwamba kazi imesimama kwa kuwa mungu wa mahali hajaridhia, na wakubwa zake wakaona ni sababu nzuri tu. Majirani ndio waliochoka. Mashamba yao yalikuwa yanangoja mfereji uleule, na mwezi wa saba ulikuwa unabisha hodi. Wakaanza kumtupia Mama maneno ya pembeni: eti Babu wa Ardhi wa watu wengine husikia mara moja, wa kwetu ni kiziwi au ameoa humu ndani?

Aliyetutoa kwenye mkwamo ni Baba mdogo Thian-lok, na popoo yake shavuni kama kawaida. Alikuja akatema mate mekundu pembeni, akasema: “Shemeji, na mimi ukija kuniuliza kama nataka kuhama kwangu, nitakukatalia mpaka kesho. Mzee humuulizi kama atahama. Unamuuliza leo atalala kwa nani. Tena uliza kwa sauti, sote tusikie, tuache kukisia.” Watu wakacheka. Mama hakucheka. Akauliza kwa sauti kama alivyotakiwa. Je, Babu atapenda kulala kwa Thian-lok? Amekataa. “Anajua sina hata mke wa kunipikia,” akasema Baba mdogo. Je, hekalu kubwa la kijiji? Babu akacheka. Ndipo Mama akauliza kwa sauti ndogo kama atakubali kwenda naye nyumbani. Kimoja chali, kimoja kifudifudi: amekubali. Tena, amekubali. Tena, amekubali.

Kwa hiyo, dada yangu, Babu wa Ardhi sasa anaishi jikoni kwetu, juu ya friji, kati ya redio na chupa ya soya. Mama anampa karanga na peremende kila asubuhi na kumlaumu kila jioni kwa kelele za televisheni, kana kwamba ndiye aliyeiwasha. Mtoto wangu mdogo anamwomba ruhusa kabla ya kufungua friji. Ungekuwepo ungecheka mpaka ukaharibu utawa wako.

Katapila limeshapita na mfereji umezolewa. Tope lake lilikuwa jeusi na linanuka chuma, likapakiwa malori mengi sana. Shamba limegeuzwa, liko wazi, jekundu, halina hata jani. Halipendezi hata kidogo. Lakini Binti Iap anasema vipimo vya kwanza ni vizuri, na zile karakana zimewekewa bomba lao la maji machafu, mbali na letu. Tumeambiwa tusubiri mwaka mzima kabla ya kupanda. Mimi na Mama tumepimwa hospitali. Mimi sina neno. Kadmiamu ya Mama imepanda kidogo, lakini daktari amesema kwa kuwa ameacha kuula mchele ule, figo zitahimili, atapimwa kila baada ya miezi sita.

Sasa nakuja kwenye lile lililonifanya nishike kalamu.

Baada ya Babu kuhamia jikoni, moyo wangu haukutulia. Yule aliyekataa wiki zote zile, iweje aulizwe kwa sauti akubali mara tatu papo hapo? Asubuhi moja tulikuwa tunachambua mboga, nikamwambia Mama: “Mama, zile siku ulizokuwa unanong'ona, ulimuuliza nini?” Akaendelea kuchambua. Kisha akasema, bila kuinua macho, kwamba habari ya kuhama hakuwa ameigusa hata siku moja.

Dada, alikuwa anamuuliza habari zako. Alikuwa anauliza: mchele niliompelekea mwanangu na watawa wenzake miaka yote hii ulikuwa safi, si ndiyo? Na Babu akawa anakataa. Akirudia, anakataa. Mama alikuwa anageuka na kutuambia amekataa, na alikuwa anasema kweli tupu. Sisi ndio tuliodhani tunajua amekataa nini.

Unajua kila mavuno gunia la kwanza lilikuwa lenu. Kabla ya mezani kwetu, kabla ya kaka zetu wa mjini, lenu. Alikuwa anapepeta kwa mkono mchele wenu, anatoa chenga moja moja, anasema hawa watoto hawali nyama, hawali hata kitunguu, nguvu yao yote ni wali, basi wale ulio bora. Siku Binti Iap alipokataa lile bakuli, Mama alielewa mara moja. Lakini kukubali udongo uchimbwe ilikuwa sawa na kukubali kwamba alikuwa anawalisha sumu watu wa dini, na mwanawe akiwa katikati yao. Aliniambia: “Watu wanatoa sadaka wapate thawabu. Mimi nilitoa nini?” Kisha akalia juu ya ile mboga, dada. Hata Baba alipofariki sikumwona analia vile.

Mtunza ghala nilimpigia simu siku ileile matokeo yalipotoka, na siku ileile akayatenga magunia yetu. Tukakubaliana asikwambie kitu mpaka mafungo yaishe. Kama ulisikia kwamba mchele umebadilishwa kwa sababu ya fukusi, uongo huo ni wangu, si wake, na adhabu yake niachie mimi. Mtawa mkuu anajua yote. Amepanga mkapimwe nyote mara mtakapotoka, na daktari wetu ameniambia kuingoja miezi hiyo ya mafungo hakutazidisha madhara, muhimu mmeacha kuula. Nenda, tafadhali. Usiseme mwili ni kitu cha kupita, maana najua utasema.

Juzi Mama alikwenda dukani kununua mchele. Mama yetu, ambaye hajawahi kununua mchele tangu azaliwe! Nilikwenda naye. Alisimama mbele ya ile mifuko ya plastiki, akaibonyeza mmoja mmoja, akamuuliza muuzaji huu umetoka shamba la nani. Muuzaji akasema hajui, umetoka kiwandani. Mama akaniangalia kama mtu aliyepotea njia. Mwishowe akachukua mfuko mdogo na mwingine mkubwa. Ule mdogo tunaula. Mkubwa ameuweka kabatini, hataki uguswe, na nilipomuuliza ni wa nini akasema siku hizi wageni huweza kutokea.

Jana alivichukua vile vipande vya mti, akasimama mbele ya friji. Nilijua anataka kuuliza nini. Anataka kujua kama bado utakula chakula kilichopikwa na mkono wake. Akavishika muda mrefu, kisha akavirudisha mahali pake bila kuvirusha. Akaniambia: “Hili si la kumuuliza Babu. Muulize mwenyewe.”

Basi nakuuliza. Usimjibu kwa maandiko, dada. Mletee huo mwili wako unaopita, ukae mezani, umsukumie bakuli umwambie akuongeze.

Watoto wanakusalimu na wanauliza kama wakikugusa kichwa ni dhambi. Baba mdogo Thian-lok anakusalimu, anaomba umuombee aache popoo, ila si upesi sana. Mama hajatuma salamu. Amesema atakupa mwenyewe.

Mdogo wako akupendaye,
Bi-gueh