Zamu ya Jicho la Kushoto

Jumatatu, 4 Machi 1974
Nimerudi kutoka kufundisha shuleni Kibuta, nimetwanga kisamvu, nimemwogesha Saida. Povu likamwingia jicho la kulia, akalifumba. Akaanza kupapasa ukuta. "Mama, uko wapi?" Nilikuwa mbele yake. Jicho la kushoto lilikuwa wazi.
Nimeogopa mpaka sasa.

Alhamisi, 7 Machi
Hospitali, Kibaha. Daktari, mama mmoja mpole, kalimulika jicho kwa muda mrefu. Jicho zima kabisa! Kinachokataa ni ubongo. Macho ya mwanangu hayatazami pamoja, basi ubongo umechagua moja, jingine umelipuuza. Sijapata kusikia jambo kama hili.
Dawa: kuziba jicho zuri kila siku, lililolala lilazimike kuamka. Akishakuwa mkubwa, basi tena. Ana miaka sita.

Jumapili, 10 Machi
Saida anajikwaa kwenye matuta, analia. Mama mkwe kambandua kitambaa nilichomziba jichoni. "Unamziba mtoto jicho linaloona? Una akili wewe?" Nimekibandika tena. Saida kanipiga mateke. Nimejichukia.

Ijumaa, 5 Aprili
"Kuku yule mweusi." Kasema mwenyewe, bila kuulizwa. Kwa jicho la kushoto!
Mama mkwe kamnyanyulia kifaranga. "Na hiki, mjukuu wangu?"
"Cha njano."

Jumatano, 12 Juni
Kibaha tena. Daktari kamvalisha Saida miwani, kioo chekundu kulia, cha kijani kushoto. Atazame ukuta mweupe.
"Nyekundu," kasema. Nyekundu tu. Nikakata tamaa.
"Kijani! Mama, imekuwa kijani! Aa, nyekundu tena!"
Ukuta ule ule. Hakuna aliyegusa kitu. Daktari kasema ubongo unapokezana macho, na sasa la kushoto nalo linapewa zamu.
Nikaomba nivae. Nyekundu ikazama, kijani ikapanda, ikazama nayo. Nilijaribu kuizuia. Haikunisikiliza. Nani anaamua? Kazi hii yote humu kichwani mwangu tangu nizaliwe, wala sina habari. Nikasema Subhanallah kwa sauti. Watu wakageuka. Sikuona haya.

Jumamosi, 15 Juni
Mawingu, hakuna mvua. Saida yuko uani na bibi yake, wanachambua mchicha. Anaongea bila kupumzika, bibi anaitikia. Nimekaa kizingitini nawatazama. Chai imepoa. Sijainuka.