Mahali pa Mama pa Lakka

Jumatatu, 24 Julai

Mama kaamua. Keki yake ya kutimiza miaka themanini ataoka Saila. Saila! Mke wa kaka yangu Oiva, aliyehamia huku kwetu Kuhmo, kwenye misitu na vinamasi, juzi tu kutoka mjini Turku. Mimi nimeachiwa rojo za katikati na krimu ya juu. "Wewe, Irmeli, mkono wako mzuri kwenye krimu," Mama kasema, kama vile ananipa zawadi. Nikajibu sawa. Si sawa hata kidogo! Keki ya Mama naoka mimi, tangu Baba yu hai. Oiva alikuwepo, anakunywa kahawa. Hakuinua kichwa. Akajiongezea kikombe.

Jumanne, 25 Julai

Stroberi za sokoni leo nyekundu hadi ndani. Nimeziponda, nikatia sukari, ndimu kidogo, na wanga wa viazi ili rojo isichuruzike keki ikikatwa. Sijisifu — lakini imetoka safi.

Saila kaja akachovya kidole. Kidole!

"Tamu kweli, Wifi. Ila punguza sukari. Watu siku hizi hawali sukari."

Nikamwambia wanaokuja ni majirani wa Mama, siyo madaktari wa meno. Akacheka sana. Ana kicheko kizuri, na hilo nalo linaniudhi.

Jumatano, 26 Julai

Saila kaingia mchana na ndoo ya lakka, vile vitunda vya manjano vya kinamasini. Imejaa! Uso umevimba kwa mbu, buti zina tope la kinamasi hadi magotini.

Nikamuuliza — hapana, sikumuuliza. Kwetu mtu haulizi mwenzake lakka kachuma wapi. Unasema "mwaka huu umebarikiwa", unatazama pembeni, basi. Watu watakutajia mshahara wao, maradhi yao, hata waume zao wanavyolala. Kinamasi chao hawakutajii. Baba kaingia kaburini hajui pa Mama ni wapi. Nilipokuwa mdogo Mama alikuwa anaegesha baiskeli upande mwingine kabisa wa kijiji, ili wanaomfuata wapotee. Aliyekuwa anamfuata nilikuwa mimi.

Sasa huyu kaweka ndoo mezani, kasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Mama kanionyesha mahali pake! Pazuri, Wifi, manjano matupu!"

Mama alikuwa anamenya viazi. Akachukua kiazi kingine.

Mimi ndiye binti yake. Miaka yote hii nilidhani ananiwekea mimi.

Alhamisi, 27 Julai

Sina la kuandika. Nina wivu. Haya, nimeandika.

Ijumaa, 28 Julai

Rojo ya lakka. Zipashwe moto kidogo tu, zisichemke. Nusu nimezichuja, maana zile mbegu zinaingia kwenye meno ya wazee, na nusu nimeziacha nzima. Halafu jibini laini, halafu krimu iliyopigwa, taratibu kwa mwiko. Nimeionja mara moja. Ni tamu kuliko kitu chochote nilichowahi kutengeneza, na imetoka kwenye ndoo ya yule. Nimeifunika, nimeiweka stoo kwenye baridi.

Nimejaribu kuzungumza na Mama.

"Lakka zimeiva mapema mwaka huu," nikasema.

"Zimeiva."

"Mbu wengi?"

"Wengi."

Mazungumzo yakaishia hapo. Nilikuwa najikaza nisilie kama mtoto.

Jumamosi, 29 Julai

Sauna, chumba chetu cha mvuke. Oiva alikwenda kuchukua viti kwa jirani, tukabaki mimi na Saila, uchi kama tulivyozaliwa, hakuna pa kukimbilia.

"Umeninunia, Wifi. Wiki nzima."

Nikamwaga maji kwenye mawe, mvuke umnyamazishe. Haukumnyamazisha.

"Ni zile lakka, siyo? Mimi nilimuuliza tu! Nilimwambia, Mama, mnachuma wapi? Akanitazama weee, nikajua nimeharibu. Kisha akavaa buti."

"Ulimuuliza hivi hivi?"

"Sasa ningeuliza vipi? Kwani wewe hujawahi?"

Nikamwaga maji mengine.

"Njiani akaniambia, Irmeli wangu hajauliza hata siku moja. Nadhani hapendi mbu."

Hapendi mbu! Nimenyamaza maisha yangu yote kwa adabu, adabu aliyonifundisha yeye mwenyewe, na yeye anadhani naogopa mbu!

Nilitoka na taulo langu, nikaenda stoo kuangalia rojo. Kuangalia tu. Nikachota kijiko kimoja. Hasira zikapanda, nikachota kingine. Nilipopata akili nilikuwa nakwangua bakuli.

Imekwisha. Rojo ya lakka ya keki ya Mama nimeila yote.

Jumapili, 30 Julai

Wageni saa nane. Keki ya Saila imetoka laini, imekaa sawa pande zote. Nimeitafuta kasoro, sikuiona. Ameikata, ameilowesha, rojo ya stroberi nimeshapaka. Krimu ya juu nimeshapiga, imesimama vizuri. Akasema, "Haya, Wifi, lete ile nyingine."

"Imekwisha."

"Imekwisha vipi?"

"Nimeila."

Saila alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mama hakucheka. Aliweka kisu cha viazi chini.

"Basi tukachume nyingine!" Saila huyo, anafuta machozi. "Zipo tele kule. Vaa buti, Wifi, nitakupeleka."

Nitakupeleka! Mahali pa mama yangu mzazi! Tayari yuko nje, anawasha gari.

Naandika haya kwenye benchi la mlangoni. Buti moja nimevaa, nyingine nimeishika. Pembeni ya miguu yangu ziko buti za Mama. Nazo zimetolewa stoo, sijui saa ngapi. Jana hazikuwepo.

Mama kasimama mlango wa jikoni. Aproni kaivua.

"Una la kusema, Irmeli?"

Ninalo. Ni jepesi kabisa, hata mtoto angelisema: Mama, nipeleke wewe. Nimefungua mdomo.

"Mama," nimesema, "viazi vinafurika."

Kaenda kupunguza moto. Karudi. Kasimama pale pale.

Saila anapiga honi.