Zamu ya Mama Haikurukwa

Nyumba ya Dobi,
Chumba cha mbele,
Jumatano, tarehe 14 Agosti

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe, wifi yangu na mtoto. Natumaini kile kikohozi nilichokisikia siku ulipopiga simu kimekuachia. Kama bado, vaa fulana ndani ya shati. Najua utacheka, lakini aliyekuwa akikwambia hayo hayupo tena, na kazi hiyo imebaki kwangu.

Sisi huku tunasogeza siku. Shangazi miguu inamsumbua, ila mdomo wake ni mzima kabisa. Mimi afya ninayo. Usingizi ndio haujarudi sawasawa, na nikiupata huwa naamka nikidhani nimesikia pasi ikiwekwa kwenye ubao.

Kazi inaendelea. Jumatatu fundi saa alileta mashati yake manne. Alisimama mlangoni akatazama kile kiti cha Mama, akasema, “Basi nitayafuata Alhamisi,” akaondoka bila kuniachia maagizo yake ya siku zote kuhusu kola. Nilipoyageuza nikakuta nyuzi za kahawia ndani ya kola, zile alama ambazo Mama alimshonea ili nguo zake zisichanganyike na za watu wengine. Mishono mitatu mifupi, na fundo kubwa kama kawaida yake. Nimefua kwa uangalifu ili zisitoke.

Nadhani unakumbuka nilivyokuandikia kuhusu lile koti la kijivu ambalo mwenyewe hakurudi kulichukua. Bado lipo. Mama alilitunza miaka tisa, kila mwaka akilipunga upepo na kulipiga brashi. Shangazi alimwambia amgawie mtu, Mama akasema, “Nilimwambia atalikuta. Nikiligawa, nitamwambia nini?”

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niketi kuandika, nikaacha shuka za nyumba ya wageni zikiwa zimelowekwa.

Nimepata maneno uliyotuma ya kuchongwa kwenye jiwe la kaburi. Nimeyasoma mara nyingi: kwamba alishika imani bila kuyumba mpaka pumzi ya mwisho. Mchonga mawe ameshayaandika kwa chaki, mistari miwili, yamekaa vizuri. Jana alinipeleka kuyaona. Akashika patasi yake, akaniuliza, “Niendelee?” Nikamwambia asubiri kwanza. Akasema, “Dada, mimi jiwe haliniozei,” akalifunika kwa gunia.

Nimemzuia kwa sababu maneno hayo yametoka kwangu, na si ya kweli.

Siku ya mazishi ulipopiga simu uliniuliza swali moja tu, kama Mama alisali mpaka mwisho. Nikakujibu kwamba zamu yake haikurukwa hata siku moja. Nilikusikia ukilia, ukasema kwamba ulimwachia Mama imani yako akutunzie, na kama yeye aliishika mpaka mwisho, basi ipo mahali na wewe utaifuata. Watu walikuwa wamejaa sebuleni, na mimi nikanyamaza.

Zamu yake kweli haikurukwa, Kitinda. Ila aliyeisoma ni mimi.

Labda hujui jinsi jambo hili lilivyoanza, maana lilianza siku ya pili baada ya wewe kuondoka. Saa kumi, nguo zilipokwisha kuanuliwa, tuliketi kusoma Biblia kama tulivyozoea, kila mtu mstari wake: Shangazi wa kwanza, mimi wa pili, Mama wa tatu, wewe wa nne. Mama alipomaliza wake, Shangazi akadaka unaofuata. Mama akafunga kitabu.

“Wifi, umemruka mtu.”

“Nimemruka nani? Kiti?”

“Katika nyumba hii harukwi mtu,” Mama akasema. Akafungua tena, akausoma mstari wako. Tangu siku hiyo, miaka kumi na mmoja, Mama alisoma mistari miwili, wake na wako. Wageni waliotukuta walidhani amekosea hesabu.

Mwezi wa mwisho, daktari alipotwambia tumpeleke nyumbani akapumzike, tulihamishia kitanda chake chumba cha mbele, karibu na dirisha, ili aone kamba za nguo. Siku tatu nne alisoma mwenyewe. Kisha ikaja siku zamu ilipomfikia akasema, “Niruke.”

Nilidhani ni maumivu. Nikamwambia nitamsomea.

“Soma ukitaka. Lakini usiseme ni mimi.”

Shangazi akamkumbusha sheria yake mwenyewe. Mama akageuza uso dirishani, akasema polepole, kama mtu anayepanga nguo, “Nimesema na Mungu miaka zaidi ya sitini. Nguo ya mtu nisiyemjua nimeitunza miaka tisa. Nami nilimwomba jambo moja tu. Sasa ninyamaze mimi, anyamaze yeye, tuone nani atachoka kwanza.”

Jambo hilo moja unalijua. Alitaka uingie kwa mlango ule angali hai. Sikuandikii hili nikulaumu, mdogo wangu. Najua habari ya karatasi zako na mwajiri wako, na Mama alijua pia. Hakukukasirikia wewe hata siku moja. Picha ya mtoto ilikuwa chini ya mto wake, na alimwonyesha kila mteja, hata yule muuza mkaa ambaye macho yake hayaoni kitu. Aliyekasirikiwa ni Mungu.

Basi nikawa nasoma mistari mitatu, wangu, wa Mama na wako. Shangazi akanitania kwamba nimekuwa kanisa zima. Mama hakuitikia amina tena. Mchungaji alipokuja kuomba naye, alimkaribisha kwa heshima, akaniambia nimpe chai, akafumba macho muda wote, na nilijua kwamba haombi, maana Mama akiomba vidole vyake huwa vinatembea juu ya shuka kana kwamba anatafuta mshono. Siku ile vilitulia.

Usidhani mimi nilikuwa imara. Nilikuwa nasoma maneno kama mtu anayehesabu soksi. Kama yeye ameachia, mimi ni nani wa kushika? Imani yangu, kama yako, ilikuwa imeegemea mgongo wa Mama.

Nikueleze siku moja tu, ya Alhamisi, kisha uamue mwenyewe kuhusu jiwe.

Tulikuwa tumefika pale Mungu anapofanya agano na Abramu, kabla hajaitwa Ibrahimu. Mstari wa sita ukaniangukia mimi, ule unaosema kwamba alimwamini Mungu, akahesabiwa haki. Mama akafumbua jicho moja.

“Hapo alikuwa bado kijana,” akasema.

“Kijana wa wapi?” Shangazi akamwambia. “Alikuwa ameshapita sabini na mitano.”

“Basi mgongo wake ulikuwa mzima.”

Lilikuwa neno lake la kwanza kuhusu kitabu kwa zaidi ya wiki mbili. Tukaendelea haraka, tukiogopa kumshtua. Abramu akaleta wanyama, akawapasua vipande viwili, akavipanga vikitazamana. Shangazi akaeleza, kama anavyopenda, kwamba zamani watu wakifunga agano walipita wote wawili katikati ya vile vipande, maana yake nikivunja neno langu, na nipasuliwe hivi. Halafu ukaja mstari wa Mama, nikausoma mimi. Ndege wakashuka juu ya ile nyama, na Abramu akawafukuza.

“Kutwa nzima?” Mama akauliza.

Nikamwambia haisemi, lakini mpaka jua linakaribia kuchwa.

“Kazi hiyo naijua,” akasema, akacheka. Ndiyo, Kitinda, alicheka mpaka Shangazi akamshika bega. Unakumbuka alivyokuwa akiwafukuza ndege kwenye shuka nyeupe kwa ufagio, akiwatukana kwa adabu, “Nendeni kwenu, ninyi hamna kwenu?” Sikujua kwamba kicheko kile ndicho cha mwisho kukisikia.

Uliofuata ulikuwa wako: jua likichwa, usingizi mzito ukamshika Abramu, na hofu ya giza kuu. Kisha zamu ikazunguka, na mstari wa kumi na tano ukawa wa Mama. Pale Mungu anamwambia Abramu kwamba atakwenda kwa baba zake kwa amani na kuzikwa katika uzee mwema. Sauti ilinikatika. Mama akaningoja. Niliposhindwa kabisa akasema, “Maliza tu, mwanangu, si umeshaanza?” Nikamaliza. Wako ulikuwa ule wa uzao wake kurudi tena mahali pale, baada ya vizazi. Mama akautazama mlango, kisha akautazama ukuta.

Shangazi akasoma lile tanuri la moshi na mwenge wa moto uliopita katikati ya vipande.

“Na Abramu?” Mama akauliza. “Yeye alipita saa ngapi?”

“Hakupita, wifi. Alikuwa amelala.”

“Akaamshwa?”

“Haisemi hivyo.”

Nje maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye mablanketi. “Kwa hiyo agano zima,” Mama akasema, “Mungu alipita peke yake.”

“Peke yake.”

“Haya,” akasema Mama. Akaniomba nimgeuze upande wa pili, mbavu zilikuwa zinauma.

Hayo ndiyo yote. Hakusema amina. Ijumaa hakusema lolote kuhusu habari hii, alitaka tu maji na kujua kama fundi saa amechukua nguo zake. Jumamosi, kwenye saa nne asubuhi, nilikuwa uani naanika. Shangazi akasimama dirishani akaniita, “Mwanangu, acha nguo.” Alivyolisema nikajua. Niliingia mikono ikiwa bado na maji, na Mama alikuwa amekwisha kwenda. Sikuwepo, mdogo wangu. Nilikuwa hatua kumi na mbili tu, na sikuwepo. Shuka zile nilizifua upya Jumatatu.

Ningeweza kukuandikia kwamba lile “haya” lilikuwa imani imemrudia. Nimelitamani sana liwe hivyo. Lakini nimekudanganya mara moja na sitarudia. Sijui alimaanisha nini. Huenda alikubali. Huenda alichoka tu na maelezo ya Shangazi, maana hata malaika angechoka.

Ninalojua ni hili. Siku zote nilidhani agano ni kama shuka pana tunaloshika na Mungu tulikunje, yeye upande ule na sisi huku, na mmoja akiachia, limeanguka mavumbini. Mama aliachia. Niliona kwa macho yangu. Kisha nikasoma habari ya mzee anayeitwa baba wa imani, na saa agano lake lilipofungwa alikuwa hajui lolote, amelala kwa uchovu wa kufukuza ndege, tena kwa hofu. Aliyepita kwenye hatari ya kupasuliwa ni yule mwingine. Na hakungoja aamke.

Nami najiuliza, kama sisi tulio udongo tuliweza kukataa kumruka mtu aliyenyamaza, na mwingine aliye mbali, Mungu ndiye angemruka Mama kwa kunyamaza siku ishirini kati ya miaka yote ile? Mimi sijasoma sana, mchungaji anaweza kunisahihisha. Lakini silioni hilo kwa huyu ninayemsoma. Bado nalia, na kuna siku namwonea uchungu kwa kutokumpa Mama lile jambo moja. Namwambia hivyo hivyo. Hata hivyo saa kumi ikifika nafungua kitabu, Shangazi anavaa miwani yake, tunasoma.

Ndiyo maana naomba turekebishe jiwe. Kumsema Mama kwamba hakuyumba ni kumnyima haki yake. Aliyumba, aliumia, na alimwambia Mungu usoni. Maoni yangu ni tuweke jina lake, miaka yake, na chini yake kwamba Mungu hulikumbuka agano lake. Jiwe liseme habari za Mungu. Habari za Mama tunazijua sisi, na tutamweleza mtoto wako.

Lakini wewe ni mwanawe kama mimi, na neno la mwisho sitalitoa peke yangu. Ukiona heri kubaki na maneno yako, niandikie hivyo, nami sitabishana nawe kwenye kaburi la mama yetu. Ukinikasirikia kwa lile jibu la kwenye simu, niandikie pia. Usinyamaze tu. Na kama ulikuwa umeanza kurudi kwenye sala kwa sababu ya Mama, nakuomba usiache kwa sababu ya barua hii. Imani uliyomwachia hakuweza kuitunza mpaka mwisho. Ilimshinda hata yake. Ila yule aliyewatunza ninyi nyote wawili simwoni ameshindwa.

Shangazi anakusalimu sana. Anasema umwambie wifi yangu asimpe mtoto chai, na kwamba meno yake mwenyewe yaliharibikia hapo. Fundi saa anakupa pole. Mpe mkeo mkono wangu, na mtoto umbusu kwenye kisogo, mahali Mama alipotubusu sisi.

Mungu akulinde katika kutoka kwako na kuingia kwako, na siku atakapofungua njia ya wewe kuja, akukutanishe nasi tukiwa wazima.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda tangu ulipokuwa mgongoni kwangu. Unapoomba, hata kama siku hizi ni kwa maneno mawili tu, unikumbuke.